Gololi Nyeusi: Tisa Bora za Kumfungia Mtu Mlango

Wazungu wa klabu za zamani walikuwa na adabu ya pekee ya kumkataa mtu. Mwombaji akishaandikisha jina, wanachama wanapitishiwa kisanduku cha mbao chenye tundu linalomeza mkono mpaka kifundoni. Humo ndani unaachia gololi: nyeupe, aingie, nyeusi, akae nje. Hakuna anayeona umeachia ipi, na hakuna anayekuuliza kwa nini. Kisanduku kikifunguliwa na nyeusi ikaonekana, mwombaji anapelekewa barua fupi yenye heshima zote, kisha anabaki maisha yake yote akiwaangalia marafiki zake mmoja mmoja kwa jicho la pembeni. London ilijaa klabu za namna hiyo, na Waingereza walipokuja huku hawakuja mikono mitupu: Nairobi Club ilianza 1901, Muthaiga ikafuata 1913. Mwafrika aliingia humo bila kupigiwa kura yoyote, ilimradi amebeba sinia.

Hapa Kilimatinde, wilayani Manyoni, klabu ya sofa za ngozi hatuna. Tuna hospitali ya Anglikana, tuna historia ya boma la Mjerumani, tuna upepo wa ukingo wa Bonde la Ufa usioheshimu kofia ya mgeni, na tuna namna zetu za kukataana zisizohitaji gololi. Unaambiwa "tutakujulisha, mzee", basi. Ukishaambiwa hivyo, umeshajulishwa.

Nimepanga tisa. Kigezo changu ni idadi ya mikono: tunaanza na kura iliyohitaji umati, tunashuka mpaka ile iliyohitaji mikono michache kuliko zote. Maana kumfukuza mtu kwa kelele za umati hata kuku wanaweza. Ufundi ni kumfungia mlango peke yako. Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana Ugogo, tuanze.

9. Athens: mikono 6,000

Karne ya 5 kabla ya Kristo, wananchi wa Athens waliulizwa kila mwaka kama kuna mtu wa kumtoa mjini. Wakikubali kwamba yupo, siku inapangwa na kila mmoja anakuja na kigae cha chungu amekwangua jina juu yake. Kura zikitimia 6,000, mwenye vigae vingi anafungasha na kuondoka miaka 10. Mali yake haiguswi, familia haiguswi, na hakuna shitaka linalosomwa. Ni likizo ya lazima, bila malipo.

Plutarch anasimulia habari ya mshamba mmoja asiyejua kuandika aliyempa kigae mtu aliyesimama karibu naye, amwandikie jina la Aristides. Yule mtu ndiye alikuwa Aristides mwenyewe. Akauliza huyo Aristides amekukosea nini. Mshamba akajibu kuwa hajamkosea lolote na wala hamjui, ila amechoka kusikia kila kona anaitwa Mwenye Haki. Aristides akaandika jina lake, akarudisha kigae. Wanasiasa wetu wa hapa wangeandika la jirani na kusema wino umekwisha.

Utaratibu huo ulikufa baada ya kumwangukia mtu mmoja aitwaye Hyperbolus. Alitaka wakubwa wawili, Nicias na Alcibiades, mmoja wao aondoke. Wakubwa wakaunganisha watu wao na kumwondoa yeye. Tembo walipatana, na nyasi zikaumia vilevile.

8. Baraza Kuu la Chadema: mikono 413

Novemba 2020 wanawake 19 wa Chadema, akiwamo Halima Mdee, waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu. Chama kilisema hakikuwateua. Siku chache baadaye Kamati Kuu ikawavua uanachama, mtaani wakabatizwa "Covid-19", na wao wakakata rufaa. Mei 2022 Baraza Kuu likapiga kura: kati ya 423, waliotaka wafukuzwe ni 413. Watano walikataa. Watano hawakuwa upande wowote, na hao ndio ninaotamani kunywa nao chai.

Asilimia 97.6! Kwa hesabu hiyo mtu angedhani mlango umefungwa, umepigwa misumari na umeegemezwa gogo. Wapi. Wale 19 walikwenda mahakamani na wakaendelea kukaa bungeni kwa jina la chama kilichowakataa. Desemba 2023 Mahakama Kuu ikatengua uamuzi wa Baraza Kuu, kwa sababu waliowahukumu kwenye Kamati Kuu walikaa tena kuamua rufaa. Hata kwenye bao huruhusiwi kuwa mchezaji na pia mzee wa kuamua ugomvi. Laiti wangepunguza mikono michache, pengine ile mingine ingetosha.

7. Dodoma, mjini kwa majirani: chumba kimoja

Ukitoka kwetu unashuka bondeni, unapita Bahi, unaingia Dodoma. Safari fupi, lakini wapo waliokwenda Dodoma na majina yao wakarudi bila hayo majina.

Januari 1984 Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu Mwenyekiti wa CCM, aliingia kikaoni na vyeo vyote na kutoka bila hata kimoja. Rasmi alijiuzulu. Lugha iliyotumika ilikuwa kwamba hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar imechafuka, na tangu hapo Mtanzania akisikia utabiri wa hali ya hewa kwenye habari za siasa anatafuta mwavuli. Mei 1988 ikawa zamu ya Seif Sharif Hamad na wenzake sita: uanachama ukafutwa. Chama kilidhani kimemmaliza. Vyama vingi viliporuhusiwa 1992 akawa miongoni mwa waliosimamisha CUF, na alipofungiwa mlango huko nako, Machi 2019 akahamia ACT-Wazalendo na watu wake nyuma yake, kwa kaulimbiu ya "shusha tanga, pandisha tanga". Desemba 2020 akaapishwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Alifariki Februari 2021 akiwa na cheo hicho mkononi. Kama kufukuzwa ni adhabu, mzee yule hakuwahi kuarifiwa.

Halafu ikaja 2015. Wanachama 38 wa CCM walirudisha fomu za kuomba urais. Thelathini na wanane! Kuna vijiji havina wagombea wa kutosha wa uenyekiti wa kitongoji. Kamati Kuu ikabakiza watano: Membe, Magufuli, Migiro, Amina Salum Ali na January Makamba. Jina la Edward Lowassa halikuwamo, na baadhi ya wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba ukumbini kuwa bado wana imani naye, mbele ya mwenyekiti. Hiyo ndiyo tofauti ya kamati na kisanduku: gololi haiimbi. Kabla Julai haijaisha Lowassa alikuwa Chadema, na Oktoba akapata kura zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40. Hazikutosha, lakini kwa mtu ambaye jina lake lilikatwa chumbani, milioni 6 ni wingi wa watu waliosoma karatasi iliyokatwa. Machi 2019 akarudi CCM, kama mtu aliyetoka kununua vocha.

Membe, aliyepita kwenye chujio lile la watano, akafukuzwa CCM Februari 2020. Julai alikuwa ACT-Wazalendo, akagombea urais huko, na 2022 CCM ikampokea tena. Ukifuatilia siasa za vyama vyetu utaona mlango mmoja wenye bawaba mbili.

6.

Namba 6 ilikuwa ya Simba na Yanga. Imeenguliwa na kamati ya uchaguzi, ambayo ni mimi. Sababu hazitatolewa. Rufaa inapokewa, ada ya rufaa hairudishwi. Pan African, waliotoka Yanga kwa ugomvi katikati ya miaka ya 1970 na kubeba ubingwa wa ligi 1982, washukuru wametajwa.

5. Kikoba: mikono 25, na vidole vyao

Huku sasa ndiko mambo yalipo. Mtu anaweza kuishi Kilimatinde bila chama cha siasa, bila timu, hata bila simu janja. Bila kikoba, msiba ukija utajua wewe ni nani.

Mfumo wenyewe ulianzia Niger mwaka 1991 kwa kazi ya shirika la CARE na wanawake wa kule, ukafika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu 15 mpaka 30 wanaojuana. Kila wiki wananunua hisa, wanachangia mfuko wa jamii, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wanavunja kikoba na kugawana. Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu ambao kwa makusudi si ndugu wala si mashoga. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo hata kununa kwenu sasa kunafanyika ndani ya daraja la nne la sekta ya fedha.

Uzuri na ubaya wake ni huohuo: watu wanachaguana. Hakuna benki inayokujua kama kikoba kinavyokujua. Benki inaangalia dhamana. Kikoba kinajua dhamana uliyoweka ni ng'ombe wa shemeji yako. Ndiyo maana mwombaji mpya akija, mjadala hauna haja ya nyaraka. Unakwenda hivi:

"Mwenyekiti, huyu baba ni mtu mzuri, mcha Mungu, hana neno na mtu."

"Kweli kabisa, mama. Anadaiwa na vikoba vingapi?"

"Viwili."

"Vya huku juu au vya bondeni?"

"Kimoja huku, kimoja Kintinku."

"Basi ana hofu ya Mungu ya kilomita nyingi. Wajumbe, mnasemaje?"

Wajumbe hawasemi. Hapo ndipo ninapoona Waingereza walitafuta shida bure na useremala wao wa kisanduku chenye tundu. Kikao cha akina mama 25 kinaweza kumkataa mtu kwa kukohoa. Mmoja anarekebisha kanga, wa pili anauliza kama karanga za kuchambua zimeisha, wa tatu anakumbuka mtoto ameachwa na uji jikoni. Katibu anaandika kwenye daftari: ombi litajadiliwa kikao kijacho. Kikao kijacho hakijawahi kulijadili.

Kura ikilazimika kupigwa, zinachanwa karatasi za daftari la mtoto, na siri inakuwa ya kimaandishi tu, maana mwandiko wa kila mtu unajulikana tangu orodha za michango ya harusi. Kuna bibi anayeandika H kubwa kwa hapana na kuipigia mstari chini. Akiombwa asipige mstari anasema ni mazoea.

Na hapa sitanii: anayeachwa nje mara nyingi ndiye aliyehitaji kuliko wote. Mjane asiye na biashara hawezi kununua hisa kila wiki, kwa hiyo hata haombi. Anajikataa mwenyewe kabla hajakataliwa. Mwenye alizeti gunia 30 anaombwa aingie kwa kubembelezwa. Vipo vikoba vinavyomwekea mtu wa namna hiyo hisa ndogo, au vinamlipia kutoka mfuko wa jamii mpaka asimame. Ningependa viwe vingi.

4. Freemason: gololi tatu

Hawa ndio wenye kisanduku chenyewe, na wanakitumia bado. Kwa kanuni za Uingereza zinazofuatwa na baadhi ya makundi yao ya Afrika Mashariki, gololi nyeusi tatu zinatosha kumzuia mwombaji, na kundi lenyewe likitaka linaweza kupunguza idadi. Yaani kuingia ni kazi: upendekezwe, uhojiwe, upigiwe kura, na mtu mmoja wawili wakikuchukia kimyakimya, umekwenda na maji.

Sasa linganisha na nguzo zetu za umeme. Kuanzia Manyoni mpaka Dar es Salaam zimebandikwa karatasi: jiunge na Freemason, utajiri ndani ya siku saba, piga namba hii. Ni jumuiya pekee duniani ambayo mlango wake halisi una gololi tatu na mlango wake wa bandia unapokea pesa kwa simu. Ada ya usajili unatuma wewe. Gololi nyeusi unaipata usoni, namba ikishazimwa.

Aliyekuwa Freemason kweli, tena kinara wao Afrika Mashariki kwa miaka mingi, alikuwa Sir Andy Chande, mfanyabiashara aliyezaliwa Mombasa 1928 na kukulia Bukene, mkoa wa Tabora. Alifariki 2017. Hakuwa na haja ya nguzo ya umeme. Alitangaza mwenyewe hadharani, akatoa na kitabu cha maisha yake. Ukitaka kujua kwamba karatasi za nguzo ni uongo, jiulize tu ni siri gani inayobandikwa kwa gundi ya unga.

3. Reli: penseli moja

Hili linatuuma, kwa hiyo nitalisema haraka.

Zamani msafara hauendi Tabora bila kukatisha Ugogo kwetu, na Ugogo hauvuki bila hongo. Watemi walitaka nguo na shanga kwanza, ndipo msafara upewe maji. Burton alilipa, Stanley alilipa, wapelelezi hao wote wakalalamika vitabuni mwao kama abiria aliyetozwa nauli ya mzigo. Mbele yao palikuwa na Mgunda Mkali, pori lisilo na maji, kwa hiyo kuondoka kwa hasira hakukuwa na faida. Sisi ndio tulikuwa kamati ya uanachama. Kisanduku kilikuwa chetu.

Wajerumani wakaja, wakajenga boma Kilimatinde, tukavimba kichwa. Kisha wakaanza kutandika reli ya kati. Ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Mtu mmoja akachora mstari kwenye ramani, na mstari ukapita Saranda, ukapita Manyoni, kwetu ukatupungia mkono. Leo makao ya wilaya ni Manyoni. Treni ikisimama Saranda abiria wananunua kuku kupitia dirishani, na hakuna hata mmoja anayeuliza hongo tulikuwa tunatoza shilingi ngapi.

2. De Gaulle: mkono mmoja, mara mbili

Hapa naomba wasomaji wakae vizuri. Uingereza, mama wa klabu, mwenye hatimiliki ya kisanduku na tundu lake, aliomba kuingia Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Wanachama walikuwa sita na kila mmoja alikuwa na uwezo wa kuzuia. Januari 1963 Charles de Gaulle wa Ufaransa akaita waandishi wa habari na kusema hapana. Uingereza ikajipanga, ikaomba tena. Novemba 1967 De Gaulle akasema hapana tena, kwa sauti ileile. Watano waliobaki walikuwa tayari kuipokea, lakini gololi nyeusi haihesabiwi kwa wingi.

Iliingia 1973, De Gaulle akiwa kaburini. Miaka 43 baadaye, Juni 2016, ikajipigia kura yenyewe itoke, asilimia 51.9. Nimejaribu kumweleza mtu mmoja hapa gengeni. Akauliza: "Yaani alibembeleza miaka 10 aolewe, kisha akadai talaka yeye?" Nikasema ndiyo, na bado wanagombea vyombo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mlango wa aina hiyohiyo. Wakuu wa nchi wanaamua kwa maafikiano, kwa hiyo mmoja akikunja uso hakuna mgeni anayeingia. Sudan iliomba, ikakataliwa kwenye mkutano wa Bujumbura, Novemba 2011, kwa hoja kwamba haipakani na mwanachama yeyote. Sudan Kusini iliomba mwaka huohuo na ikapokewa 2016. Somalia iliomba 2012 na kuingia 2024. Mwombaji wa kikoba chetu anayelalamika kuwekwa kikao kijacho ajue kuna walioambiwa hivyo miaka 12.

1. Nyerere: mkono sifuri

Kumzuia mtu asiingie klabu yako ni kazi ya kawaida. Namba moja alimtoa mtu kwenye klabu ambayo yeye mwenyewe alikuwa bado hajaingia.

Machi 1961 mawaziri wakuu wa Jumuiya ya Madola walikutana London. Afrika Kusini ilikuwa imeamua kuwa jamhuri, na kwa utaratibu wa wakati ule ilibidi iombe upya kubaki mwanachama. Tanganyika haikuwa na kiti pale. Ilikuwa bado nchi ya udhamini chini ya Uingereza, na Julius Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi wa serikali ya ndani. Kura hana, mwaliko hana. Alikuwa na kalamu. Jumapili ya Machi 12 gazeti la The Observer likachapa makala yake: ikiwa Afrika Kusini ya ubaguzi itabaki, Tanganyika ikipata uhuru haitaingia. Chagueni.

Ndani ya mkutano walikuwamo waliokuwa na sauti rasmi, Nehru wa India, Nkrumah wa Ghana, Diefenbaker wa Canada, nao walibana vilevile. Lakini wao walikuwa wanachama. Wangeweza kujibiwa kwa kanuni. Utamjibu nini mtu anayekuambia kutoka barazani kwamba atakuja kwenye karamu yako au hatakuja, kutegemea na mgeni uliyemkalisha? Jumatano ya Machi 15 Verwoerd, waziri mkuu wa Afrika Kusini, akaondoa ombi la nchi yake. Jumapili mpaka Jumatano. Kikoba chetu hakijawahi kufanya uamuzi kwa kasi hiyo hata wa kununua daftari. Afrika Kusini ilitoka Mei 31, Tanganyika ikaingia Desemba 9, na Afrika Kusini ikarudi Juni 1994, Mandela akiwa rais.

Kabla hamjapiga makofi, kuna mjumbe wa nyuma amenyoosha mkono, na ana haki. Machi hiyohiyo ya 1961, TANU ya Nyerere ilikuwa haitoi kadi kwa mtu asiye Mwafrika. Mlango huo ulifunguliwa 1963. Amir Jamal na Derek Bryceson walikuwa tayari wamechaguliwa kwa msaada wa TANU na walikuwa mawaziri kwenye serikali ya TANU, wakitetea sera za TANU, bila kadi ya TANU. Mwalimu alilijua hilo, alilipigania ndani ya chama miaka, na wenzake walikuwa na sababu zao zilizoeleweka wakati ule. Hata hivyo nampa namba moja. Jamal naye nampa zawadi ya pembeni: waziri aliyeingia kikaoni, akala kiapo, akabeba wizara, na kwenye daftari la katibu bado ombi lake lilikuwa la kikao kijacho.